Daftari la Bei na Dhamiri ya Mnunuzi

Wako Wakristo wanaoona aibu kuulizia bei duka baada ya duka. Wanadhani kufanya hivyo ni uchoyo, au ni dalili ya kupenda mali kuliko Mungu. Mimi sidhani hivyo. Mama anayeandika daftarini kwamba kilo ya maharage wiki hii ni kiasi gani sokoni, na kiasi gani katika duka la jirani, anatunza fedha ya nyumba ambayo si yake peke yake. Watoto wana haki katika fedha ile, na sadaka ya Jumapili hutoka humo humo.

Ila daftari liandikwe vizuri. Bei pasipo kipimo haina maana. Tuseme sukari ya robo kilo inauzwa Sh 900. Kwa mtu mwenye Sh 1,000 mkononi inaonekana rahisi, lakini kwa hesabu hiyo kilo nzima ni Sh 3,600, na huenda mwenzake anayenunua kilo kwa mara moja analipa Sh 3,000 tu. Maskini, kwa kuwa hununua kidogo kidogo, hulipa zaidi ya tajiri kwa kitu kile kile. Jambo hili hunisikitisha kila ninapolifikiri, na sijui kwa nini halisemwi zaidi makanisani. Kama wanawake watatu wa mtaa mmoja wangechanga na kugawana kilo moja, wote wangenufaika. Hali kadhalika sado ya mchele iliyojazwa mpaka ikafanya kilima si sawa na sado ya mfuto, hata kama shilingi ni zile zile. Nabii Amosi (8:5) aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Katika mambo kama hayo daftari ni ngao ya mnyonge.

Sisi wazee wa Tanzania tunakumbuka wakati Serikali ilipokuwa ikipanga bei za vitu vingi, na Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973. Kulinganisha bei halali hakukuwa na faida kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 taabu yetu ilikuwa kukiona kitu chenyewe. Baadaye bei ziliachwa huru, na tangu hapo kila mtu hana budi kujihesabia.

Basi, mpaka hapo dhamiri haina shida. Shida huanza mwenye daftari anapokutana na muuzaji asiye na daftari. Mama ametoka kijijini na ndoo ya nyanya. Jua linatua, gari la kumrudisha linapiga honi, na nyanya hazitalala mpaka kesho. Anataja bei ambayo ni nusu ya ile ya mjini. Wewe unajua, yeye hajui. Nawe, kwa mazoea tu, unazibonyeza nyanya, unakunja uso na kumwambia apunguze! Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi wa namna hiyo, anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe, kisha akiondoka hujisifu. Mahubiri juu ya udanganyifu wa wauzaji tumeyasikia mengi. Juu ya wanunuzi ni machache mno.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, anasimulia katika kitabu chake juu ya Utatu habari za mwigizaji mmoja aliyewaahidi watu kuwaambia wote wanachokitaka mioyoni mwao. Siku ilipofika akawaambia kwamba wanataka kununua rahisi na kuuza ghali. Watu wakamshangilia sana. Lakini Augustino hakubali kwamba ni wote. Anasema alimjua mtu aliyeletewa kitabu akinunue, akaona muuzaji hajui thamani yake na kwa hiyo ametaja bei ndogo; naye akamlipa bei ya haki, ambayo muuzaji hakuitazamia. Mtu huyo alijua bei kama sisi tunavyozijua kwa madaftari yetu. Hakujifanya mjinga, wala hakuutumia ujinga wa mwenziwe.

Mtu ataniuliza: Je, mjane mwenye watoto watano na Sh 2,000, naye alipe bei ya mjini? La hasha. Hawezi kudaiwa asichokuwa nacho, na bei aliyotajiwa ni halali yake kuilipa. Lakini asiombe apunguziwe tena, naye aseme neno moja: “Mama, mjini leo wanauza kiasi hiki.” Neno hilo halimgharimu shilingi. Tena yule mama atarudi nalo kijijini, na wenzake watalisikia kabla ya siku ya soko.

Ndiyo, huenda akapandisha bei papo hapo, mjane akaenda nyumbani na nyanya tano badala ya kumi. Sioni njia ya kulikwepa hilo.