Kazi ya Mkono, Mkono wa Nani?

Ndugu msomaji, hebu tujiulize swali linaloonekana dogo kama kokoto, lakini ukilitafuna linavunja jino. Mtu akichonga sanamu kwa mashine anayoishika mkononi, je, hiyo ni kazi ya mkono au ni kazi ya mashine? Na mnunuzi akimuuliza, amjibu nini, hali mfukoni hana kitu na kodi ya chumba inabisha hodi? Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi, hayana falsafa yoyote. La hasha! Falsafa haikai vitabuni tu, jamani. Hata uani kwetu, kwenye vumbi la mpingo, imo.

Karakana yetu ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Fundi ni mjomba wangu. Mimi niliyeishia kidato cha nne, na ambaye ndoto yangu ni kuandika riwaya, ni msaidizi wake: napiga msasa, napaka nta, nafagia. Mjomba huchonga zile sanamu za Kimakonde za ujamaa, gogo moja la mpingo lenye watu waliopandana, huyu kambeba yule, na katikati yao matundu yanayopitisha mwanga. Miaka yote hiyo ni tezo na patasi. Lakini sasa baridi yabisi imemwingia kwenye viungo vya vidole. Saa moja ya kugonga patasi, jioni hawezi kushika hata kikombe cha chai. Ndipo binamu yangu alipotoa hoja: tukusanye vihela vyetu tununue ile mashine ndogo ya kuzunguka, ambayo wengi huiita Dremel hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa.

Jina hilo ni la Albert J. Dremel, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1932 mjini Racine, Wisconsin, nchini Marekani. Kwa asiyeijua, ni kama drili nyembamba inayoshikwa mfano wa kalamu nene. Drili ya kawaida hutegemea msukumo. Hii hutegemea mbio. Nyingi huzunguka mara 30,000 au zaidi kwa dakika moja. Ukiikandamiza inalemewa na kupata moto. Ukiishika kwa wepesi inaula mti kidogokidogo.

Basi kuichagua si kutazama rangi ya boksi, bwana. Tulijiuliza: ya betri au ya waya? Ya betri haijali umeme ukikatika, lakini betri nayo huzeeka, na mpya ni ghali. Je, mwendo wake unapunguzika? Isiyopunguzika itauunguza mti, maana mpingo ni mgumu na msuguano huleta moto. Je, meno yake yanapatikana madukani? Yenye shina la milimita 3.2 ndiyo yaliyoenea. Je, kaboni za mota zikiisha zinabadilishwa, au ndiyo unatupa mashine nzima? Tena ipo ile ambayo mota yake inaning'inizwa juu, ikatoka na mpira mrefu unaopinda, mkononi ukabaki na kishikio chepesi tu. Kwa mzee mwenye viganja vinavyouma, hiyo ndiyo yenyewe.

Mjomba hakutaka kusikia. "Mpwa wangu," aliniambia, "patasi inauliza, mashine inaamuru." Nilimwelewa. Patasi ikienda kinyume na nyuzi za mti inagoma, inaruka, inachana. Fundi anasimama, anageuza upande, anatafuta njia ambayo mti wenyewe unaikubali. Mashine haina habari na nyuzi. Inapita tu, kama tajiri asiyesalimia watu mtaani.

Binamu naye akaja juu. "Mjomba, kwani tezo ni kidole? Nayo ni chuma, nayo siku ya kwanza ilikuwa ngeni. Tungebaki na mkono mtupu, tungechonga nini? Uji?"

Nimekaa na maneno haya wiki nyingi, na naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Binamu yuko sahihi kwamba mashine hii haichagui kitu. Siku hizi zipo mashine zinazoongozwa na kompyuta. Unaziwekea umbo moja, zinatoa mia zinazofanana, na wewe unakunywa chai. Hii yetu siyo hiyo. Haijui pua ilipo wala jicho lilipo. Mkono ukitetemeka, kosa nalo linachimbwa kwa mizunguko 500 kila sekunde. Kwa hiyo anayechonga bado ni mtu.

Lakini mjomba naye yuko sahihi, kwamba kuna kitu kinachopotea. Nacho ni kule kusikiliza. Ila tazama, msomaji: kinapotea kwa nani? Mjomba amekwisha sikiliza mti maisha yake yote. Usikivu umo ndani yake hata akishika nini. Mimi bado. Nikianza na mashine leo, sitajua kamwe kwamba mti una neno la kusema. Basi mashine ileile ni huruma kwa mjomba, na kwangu mimi ni wizi. Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapouliza kama chombo ni kizuri au kibaya. Tuulize kinaingia mkononi mwa nani, na kinamkuta yuko wapi katika safari yake.

Linabaki suala la mnunuzi. Mwenye duka mmoja alitaka vipande 40, kila kimoja na kikaratasi: "Kimechongwa kwa mkono mtupu." Hapo ndipo pagumu. Mbona riwaya hakuna anayeuliza kama iliandikwa kwa kalamu au kwa taipureta? Jibu langu ni kwamba msomaji ananunua maneno, lakini mnunuzi wa sanamu, pamoja na umbo, ananunua pia siku za fundi. Nikimwuzia siku nne hali nilitumia moja, nimemwuzia siku tatu ambazo sinazo. Tukamwambia mwenye duka ukweli: ni mkono pamoja na mashine ndogo. Akakata robo ya bei. Binamu akanuna, eti ukweli hausongwi ugali. Kweli, hausongwi. Lakini uongo unataka ulindwe kila siku, na mlinzi huyo naye anakula.

Tena yupo wa tatu ambaye hatukumkaribisha kikaoni: mpingo wenyewe. Mti huu huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa chini ya mkataba wa CITES. Mashine imeongeza mwendo wetu; haikuongeza mwendo wa mti. Tukichonga mara nne zaidi tutakata mara nne zaidi, na watoto wetu watarithi mashine nzuri isiyo na cha kuchonga. Kwa hiyo tumeafikiana: mashine ni kwa yale matundu ya ndani tu, ambako mkono wa mzee haufiki bila maumivu. Idadi ya magogo haiongezeki. Mimi naendelea na patasi, malengelenge na yote. Na kila anayewasha mashine anavaa miwani na kufunga pua na mdomo, maana vumbi la mpingo si la kuchezea kifuani.

Msomaji mwenzangu, huenda wewe si mchongaji. Pengine ni fundi cherehani, mpishi au mwandishi chipukizi kama mimi. Siku utakaposimama dukani mbele ya chombo kipya kinachong'aa, usianze na bei. Uliza kwanza: kitanisaidia kufanya ninachokijua, au kitanizuia nisikijue kabisa? Na nikiulizwa nilivyofanya kazi yangu, nitaweza kujibu bila kuinamisha macho? Majibu yakiridhisha, toa pesa yako, ndugu yangu, ununue.