Mpokeaji Amekuwa Mgawaji

 

Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita nilihitaji kitabu cha usul al-fiqh ambacho bei yake ilizidi matumizi yangu ya mwezi mzima. Mwenzangu akaniwekea BitTorrent kwenye laptopu, na kabla ya Isha kitabu kilikuwa kimeshaingia. Nikalala, programu nikaiacha inafanya kazi, maana bando la usiku lilikuwa bado. Asubuhi nikakuta imeandika kwamba nimekwisha kukipeleka kitabu kile kwa watu wengine, mara sita ya ukubwa wake. Mimi, niliyedhani nimechukua tu!

Ndivyo BitTorrent ilivyotengenezwa tangu 2001. Haina ghala moja la kuchukulia. Faili hukatwa vipande, na kila anayepokea kipande huwagawia wenzake papo hapo. Anwani ya intaneti ya kila mmoja huonekana na kundi zima, akiwemo mwenye haki aliyejificha humo kuhesabu watu. Ujerumani wengi wamepata barua za mawakili kwa njia hiyo. Huku kwetu Malawi ipo Sheria ya Hakimiliki ya 2016, na COSOMA ndiyo inayosimamia haki za watunzi.

Mtu atasema: hizo ni sheria za watu, dini yasemaje? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait Desemba 1988, na katika azimio la 43 ikaamua kwamba haki za mtunzi zinalindwa na sharia, haifai kuzivamia. Wapo wanavyuoni waliolegeza kwa mwanafunzi asiye na uwezo, anakili kwa ajili ya kusoma kwake, asifanye biashara. Nami niliikimbilia kauli hiyo, nikiri. Lakini ruhusa ya kujisomea si ruhusa ya kusambaza, na kwenye BitTorrent kwa kawaida hushushi bila kugawa. Dharura yangu mimi imewahusu vipi wale nisiowajua?

Hayo niliyawaza kwenye minibasi, tunapita Lumbadzi kurudi nyumbani Dzaleka, na ndipo nikakumbuka jambo zito zaidi. Kambini kwetu hatutumii sana BitTorrent; tunarushiana simu kwa simu, au tunaacha memori kadi dukani ijazwe kaswida na filamu. Na simu ya Dzaleka si ya mtu mmoja. Ndani yake mna picha za karatasi za UNHCR za familia nzima, sauti ya mjomba aliyebaki Uvira, picha za dada zetu bila hijabu. Sura ya Nur imetukataza kuingia nyumba za watu bila idhini. Simu kama hiyo ni nyumba, na wewe mwenye kuishika ndiye bawabu.

Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilitangaza kwamba SHAREit, iliyokuwa imeshushwa zaidi ya mara bilioni 1, ilikuwa na kasoro za kumwezesha mwovu kuchungulia siri za mtumiaji. Baadaye wenyewe walisema wameziba. Basi isasishe, na usiipokee programu yoyote kwa kurushiwa na rafiki, kwani hujui imeongezwa nini njiani. Karatasi za wazee zitoe kwenye simu ya kurushiana.

Ila mimi sikuhitaji mwizi. Niliwahi kumrushia mwenzangu folda nzima ya mawaidha, nikitaraji thawabu, kumbe picha za karatasi za mama zilikuwa humo humo. Jioni ile nilipofika nilimweleza. Mwenzangu nilishampigia, akasema amefuta.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, na ule ulimupatia, yeye alipatia nani?"