Haki ya Mtungaji wa Kitabu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, na ijulikane ya kuwa wako watu wapigao chapa kitabu cha mwenziwao bila ya idhini, wakakiuza sokoni, kisha wakajitetea ya kuwa ilimu haifichwi. Neno hilo ni kweli, lakini wamelitia pasipo mahali pake. Ilimu haina mwenyewe. Bali maneno aliyoyatunga mtu kwa kukesha yanaye mwenyewe. Ndivyo alivyofasiri hakimu Peterson huko London mwaka 1916, katika daawa ya maswali ya mtihani: sharia hailindi fikira, hulinda namna zilivyoandikwa, maadamu mwandishi hakunakili kwa mwengine. Na wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwaka 1988, walikata ya kuwa haki ya mtungaji yahifadhiwa kisharia, wala si halali kuidhulumu.

Katika Kenya, ambayo sharia zake nyingi zatokana na za Waingereza, sharia ya mwaka 2001 yampa hakimu uwezo wa kumzuia mkosaji, kumlipisha fidia, kumtaka hesabu ya faida aliyoichuma, na kumwamuru azikabidhi nakala.

Je, asiyeshitakiwa? Huyo ndiye wa kuhofiwa zaidi. Toba katika haki za waja haitimii kwa istighfari peke yake. Yampasa amwendee mtungaji, amrudishie haki yake au amtake radhi, asamehewe. Na mtungaji akiwa amekufa, deni ni la warithi wake. Wala mdaiwa hana ruhusa ya kuligeuza sadaka maadamu mmoja wao yu hai na ajulikana alipo.