Ngama ya Jahazi la Karatasi

Anayetengeneza chombo kidogo kwa mfano wa chombo kikubwa lazima aamue ataacha nini. Vyote haviwezekani. Msumari wa jahazi ukipunguzwa mara 50 unakuwa mwembamba kama unywele. Harufu ya sifa na deheni haipunguzwi kwa rula. Kwa hiyo kuacha si kosa, ndiyo kazi yenyewe. Swali linalonisumbua ni jingine: katika hayo tunayoyaacha, yapi tuna haki ya kuyaacha?

Mimi hutengeneza majahazi ya karatasi nyumbani, Chake Chake. Mifupa ya chombo ninaikata katika maboksi ya katoni, na ubavu ninaufunika kwa karatasi ya manila, ile ambayo walimu huchorea zana za kufundishia. Kipimo changu ni moja kwa 50. Jahazi la mita 15 linakuwa sentimita 30, na ubao wa upana wa sentimita 20 unakuwa ukanda wa milimita 4. Kwanza mkuku, tabaka tatu za katoni zilizogandishwa kwa gundi na kulazwa usiku kucha chini ya matofali. Kisha mataruma, moja baada ya jingine, yakipungua upana kuelekea omo na tezi. Kisha kanda za manila, ambazo huvutwa kwanza juu ya ukingo wa rula ili zipinde zenyewe bila kuvunjika. Mwisho mlingoti ulioinamia mbele, foromali, na tanga la kitambaa cha shuka kuukuu.

Kuna raha kubwa katika kazi hii. Mafundi wa pwani yetu waliunda vyombo bila kuchora popote, kwa jicho, kamba na tezo. Ukijaribu kulifuata umbo la jahazi kwa mkasi, ndipo unapotambua akili iliyomo katika mpindo wa ubavu ule. Mikono yangu ina heshima kwa watu wale ambayo kinywa changu hakiwezi kuieleza.

Mpwa wangu, mtoto wa darasa la tano, alikaa kunitazama nikiweka sitaha. Akachungulia ndani kabla sijaifunika, akauliza: "Mjomba, hili likichukua nini?"

Nikamtajia: boriti za mikoko, karafuu, chumvi, papa mkavu, tende kutoka Arabuni. Yote ni kweli. Kisha nikamwambia na lililobaki, kwamba yalikuwapo yaliyochukua watu, na kwamba wengi wa watu hao waliletwa hapa hapa kisiwani kwetu. Akanyamaza kidogo, akauliza la pili: "Wakikaa wapi?" Akaingiza kidole chake ngamani kupima.

Historia ya jambo hili si ngumu kuifuata. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba kwa kiasi kikubwa ilinusurika. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakawa na kila sababu ya kupanda zaidi na kuchuma zaidi. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Haja ya wafanyakazi ilipanda wakati ule ule njia ya kuwaleta ilipofungwa. Kilichofuata ni magendo. Vyombo vilivuka mkondo kati ya bara na Pemba vikijificha, na manowari za Kiingereza zikivisaka. Desemba 1881, nahodha Charles Brownrigg, mkuu wa manowari HMS London, aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Lilikuwa na watumwa ndani.

Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Hata hapo, ilimbidi mtumwa aende mahakamani kudai uhuru wake, na fidia iliyolipwa ilikwenda kwa bwana.

Zipo hoja mbili nzuri za kuiacha ngama ikae kimya. Ya kwanza ni kwamba chombo hakina dhambi. Jahazi moja lingeweza kuchukua boriti msimu huu na watu msimu ule, na ubao haukujua tofauti. Fundi aliyechonga mkuku hakuandika mzigo. Nakubali. Lakini hoja hii inakitetea chombo tu, hainitetei mimi. Ubao haukujua, mimi najua. Ninapochagua kuonyesha tanga na kutoonyesha ngama, anayechagua ni mtu.

Ya pili ni nzito zaidi, na niliipata kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Alilishika jahazi kwa upole, akalisifu, kisha nilipomweleza maswali ya mtoto akasema: "Mwanangu, hapa tumeoana, tunazikana. Mambo hayo yana sitara yake." Hakuwa anaficha ovu. Alikuwa anasema jambo ambalo kila Mpemba analijua: katika kijiji kimoja wamo wajukuu wa waliochukuliwa na wajukuu wa waliochukua, na mara nyingi ni mtu yule yule mmoja. Neno moja la kizembe kuhusu asili ya mtu linaweza kuvunja posa. Sitara ndiyo iliyotuwezesha kusali safu moja.

Nimelifikiri neno la mzee kwa muda mrefu, na naona linahitaji kugawanywa. Sitara ni kufunika aibu ya mtu. Sasa, aibu hapa ni ya nani? Aliyefungwa na kulazwa ngamani hakufanya la aibu. Tukifunika habari yake kama tunavyofunika fedheha, tunamtia yeye aibu iliyokuwa ya mwingine, na wajukuu wake tunawafundisha kuinamisha macho. Sitara ya kweli ni kutomtaja fulani kuwa ni mjukuu wa nani. Hiyo naishika, na mwalimu yeyote anapaswa kuishika. Kuficha kwamba jambo lilitendeka si sitara tena.

Bado haijafuata kwamba najua la kufanya na karatasi yangu. Kuna kielelezo kimoja mashuhuri cha kunitangulia. Mwaka 1788 Waingereza waliopinga biashara ya utumwa walichapisha mchoro wa meli iitwayo Brookes, ukionyesha jinsi watu walivyopangwa ndani yake. Sheria ya mwaka huo iliruhusu meli ile kubeba watu 454. Baadaye kikatengenezwa kielelezo cha mbao, na William Wilberforce akakitumia bungeni, wabunge waone kwa macho yale ambayo masikio yao yalikuwa yameyazoea. Kilifanya kazi ambayo hotuba haikuiweza.

Lakini kitazame tena. Watu katika mchoro ule ni vijitu vyeusi vinavyofanana, vimelala kama dagaa kwenye jamvi. Hakuna mwenye uso wala anayegeuka. Ili kuonyesha kwamba watu walifanywa shehena, mchoraji aliwachora kama shehena. Nikikata vijitu vya manila na kuvipanga ngamani, nitakuwa nimewapakia mara ya pili, na safari hii mpakiaji ni mimi. Tena katika nyumba zetu sanamu za watu si jambo jepesi, na sitaki mazungumzo ya haki yageuke kuwa mazungumzo ya sanamu.

Nikarudi kwenye kitu pekee ambacho fundi wa vielelezo anacho kwa uhakika, nacho ni kipimo. Sitaha nimeiacha wazi upande mmoja, inafunguka kama mlango. Ngama ni tupu. Kando ya jahazi kuna kisahani chenye vipande vya karatasi nyeupe, kila kimoja sentimita 3.3 kwa milimita 8. Huo ndio urefu wa mtu wa mita 1.65, na upana wa mabega ya sentimita 40, kwa kipimo kile kile cha mlingoti na usukani. Sakafu ya ngama ni sentimita 14 kwa 7. Anayetaka kujua avipange mwenyewe. Vikilazwa safu mbili, bila nafasi ya kugeuka, vinaingia 34.

Wapo wanaosifu tanga na kuondoka, na siwazuii. Wapo wanaopanga vipande vitano, sita, kisha wakasita. Naona hapo kuna kitu ambacho nisingeweza kukiweka kwa gundi. Maana kumwonyesha mtu uovu uliokamilika ni rahisi, naye hulaani na kuendelea na safari yake. Mkono wake mwenyewe unapotafuta nafasi ya kipande kingine, hawezi tena kudhani kwamba yaliyotendeka yalitendwa na viumbe wa aina nyingine. Yalitendwa kwa hesabu ya namna hii hii, na watu waliojua kupima.

Wahenga wetu walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hulitumia kumkumbusha mtu kwamba hata azunguke vipi, kuna mahali atarudi. Mimi nalichukua pia kama agizo la ufundi. Nina haki ya kuacha misumari, harufu na majina ya ukoo. Uzuri wa tanga sina haja ya kuuficha, kwani waliouunda walistahili sifa. Lakini nafasi waliyokaa watu ni sehemu ya chombo kama mkuku ulivyo sehemu ya chombo, na jahazi lisiloweza kufunguliwa hapo halijakamilika, hata kamba zake zikiwa zimehesabiwa zote.