Je, Fundi Ana Deni kwa Jirani Yake?

Kwa Watanzania wengi jina la Kilakala ni jina la shule. Ndivyo ilivyo haki, maana tangu siku za Masista wa Maryknoll, shule hiyo ilipoitwa Marian College, mabinti kutoka pande zote za nchi wamekuja kusoma hapo chini ya milima ya Uluguru. Lakini leo hatusemi juu ya elimu ya darasani. Twasema juu ya elimu nyingine, ile iliyo mikononi mwa watu wa mitaa inayoizunguka shule: mama ajuaye kukata kitambaa hata gauni likakaa vema mwilini, mzee ajuaye kupandikiza mchungwa, kijana ajuaye kutengeneza baiskeli. Elimu hiyo haina cheti. Je, ni mali ya mwenyewe tu, aitoe au aifiche apendavyo, au jirani naye ana haki ndani yake?

Wengi watajibu upesi kwamba elimu ni kama taa: ukimwashia mwenzio, yako haipungui. Jibu hilo ni zuri, nasi tumelisikia mara nyingi, lakini si kweli yote. Elimu haipungui, ila wateja hupungua. Mama mshonaji anayewalea watoto wake kwa cherehani moja, akimfundisha jirani, na jirani akaweka cherehani yake kwenye baraza la pili, je, atapata nini mwezi wa Januari watu wanaposhonesha sare za shule? Tusimwite mchoyo kabla hatujachungulia chungu chake. Hofu yake ni hofu ya mzazi, na Kanisa halikuwahi kufundisha kwamba mzazi awanyime wanawe chakula ili asifiwe ukarimu.

Hata hivyo hatuwezi kumwachia neno la mwisho. Yeye naye hakuzaliwa na mkasi mkononi. Yuko mtu aliyemketisha kando yake, akamwachia aharibu kitambaa cha kwanza na cha pili, wala asimfukuze. Akili ni ya Mungu, na ufundi ulimfikia kwa mikono ya watu. Yafaa tukumbuke kwamba katika mfano wa talanta, mtumishi aliyelaumiwa na bwana wake hakuwa ameiba wala kupoteza kitu. Alifukia tu.

Wazee wa pwani walilitatua jambo hili kwa busara. Mwanafunzi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, na kwa zawadi hiyo alikiri mbele ya watu kwamba ujuzi wake una mwenyewe aliyeutoa. Basi wajibu una pande mbili. Mwenye kujua afundishe, na aliyefundishwa asifungue kibanda mbele ya mlango wa mwalimu wake na kushusha bei. Sisi twaona kosa hili la pili ni kubwa kuliko uchoyo wa fundi, kwa sababu mara nyingi ndilo linalouzaa.

Lakini uko ujuzi usiogusa chakula cha mwenye nao: kumnywesha mtoto anayeharisha maji safi yenye sukari na chumvi kwa kipimo chake, kuchimba choo mbali na kisima, kuweka hesabu ya mkopo. Hapo hatuoni udhuru wowote. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao 2,000,000 wa nchi hii walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kidogo, wakajadiliana, kisha wakaenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Aliyewaongoza hakuwa daktari. Mara nyingi alikuwa mwenyeji mwenzao aliyefundishwa kwa siku chache tu.

Tazama sasa jambo la siku hizi. Bibi hutumiwa fedha kwa simu na mwanawe aliye mjini, naye hajui kuzitoa. Kila mara humpa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Kijana huyo huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini ikiwa kwa miaka mitatu anamsaidia bibi yuleyule bila kumwonyesha hata mara moja namna ya kufanya mwenyewe, msaada wake una kasoro. Amemfanya mtu mzima kuwa mtoto wake, na pengine cheo hicho kinampendeza.

Liko pia kosa la upande wa pili, la mwenye kujua asiyetaka kusikiliza. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Shabaha haikuwa mbaya. Lakini wakulima walisema kwamba udongo wa chini uliofukuliwa hauzai, wala hawakusikilizwa. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango wote ukaachwa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, katika mradi wa CARE na WWF wa kuhifadhi maji ya mto Ruvu, wakulima wa Kibungo walichimba ngazi katika milima ileile kwa hiari yao, wakalipwa kwa kazi hiyo. Malipo hayo hayatukwazi hata kidogo. Ni kilemba cha namna yake.

Jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila juma, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja hupata zamu ya kuongoza sala. Sala ikiisha, kwa nini mwenye nyumba asipewe nusu saa ya kuonyesha kitu kimoja anachokijua? Tumeketi pamoja miaka mingi, na bado hatujui jirani yetu anaweza nini. Bibi yule wa simu huenda ndiye pekee mtaani ajuaye kuchambua ukindu, kuupaka rangi na kuusuka mpaka mkeka ukamilike, na kijana anayemtolea fedha hajui hata ukili unaanzwaje.