Dawa ya Deni, Kinywani mwa Nani?

Methali ya dawa ya deni ni kulipa siku hizi imeajiriwa. Kazi yake ni kukusanya madeni. Utaikuta mwisho wa ujumbe wa simu unaokutishia kuorodheshwa CRB, kwenye daftari la wasiolipa mikopo, kabla ya saa sita mchana, utaisikia kwa shailoki wa Magongo, mkopeshaji wa riba kali aliyeshikilia kitambulisho na kadi ya benki ya mtu mzima mwenye watoto. Hao nimewazoea. Kilichoniudhi ni kuisikia juu ya mimbari kule Kisauni, ikitolewa kama hukumu isiyo na rufaa: dawa ya deni ni kulipa, basi, tusimame tuswali.

Sigombani na ukweli wa maneno. Deni hulipwa. Ninaloligombania ni moja: inasemwa na nani, na inamkataza nani nini? Kinywani mwa anayedai, methali hii ni amri ya kutoa. Kinywani mwa jamaa aliyekaa kando ya mdeni, ni ushauri, na ushauri wenyewe umelenga dawa zote za uongo ambazo mtu akizidiwa huzikimbilia: kuzima simu, kubadilisha laini, kuhamia Mtwapa usiku na godoro, kumgombeza anayekudai ili uonekane umeonewa, kuweka pesa ya kodi kwenye kamari ya simu, na iliyo kubwa kuliko zote, kukopa kwingine. Wazee wanasema hizo zote si dawa. Ajabu yake, methali ikigeuzwa fimbo humsukuma mtu kwenye dawa ileile inayoikataza. Anayeambiwa alipe leo, na leo hana, atakopa leo.

Akikopa huku akalipa kule, tunampongeza: "Huyu ni mwaminifu, halali na deni." Mimi nasema hajalipa kitu. Amelihamisha deni kutoka chumba cha mbele hadi cha nyuma, na kila mlango linapopita linatozwa ada. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayeuzungusha mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima huwa ametoa asilimia 90. Fuliza ikafuata Januari 2019, na watu wakazoea kununua unga kwa pesa wasiyokuwa nayo. Tena hizo ni afadhali. Shailoki wa mtaani anayetaka asilimia 30 kwa mwezi humfanya aliyechukua 10,000 atoe 12,000 za riba kwa miezi minne, na zile 10,000 bado zinamngoja palepale. Je, mtu huyo hajanywa dawa? Amekunywa mpaka chupa imekwisha.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Likoni, ambaye tumebishana hili kutoka ng'ambo moja ya feri hadi nyingine, anasema nalainisha. Kwake, nchi imejaa watu wanaokopa wakijua hawatalipa, na methali isiyouma haifai kitu. Nakubaliana naye nusu. Wapo wanaovaa, wanaokodi ukumbi uliopambwa kwa harusi ya siku moja, wanaobeba simu ya lipa mdogo mdogo yenye thamani kubwa kuliko duka la anayewadai. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwita mwenye uwezo anayechelewesha malipo kuwa ni dhalimu. Huyo na aumwe. Lakini tazama sharti: mwenye uwezo. Kwa aliye katika dhiki, aya ya 280 ya Sura ya Baqara inaamuru asubiriwe mpaka apate wasaa, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Mwalimu analijua hilo. Ila anaogopa kwamba tukilisema kwa sauti, kila mtu atajiita mwenye dhiki.

Wasiwasi wake una jibu, na jibu ni hesabu. Dhiki si machozi, inahesabika. Aya ya pili baada ya hiyo, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inataka deni liandikwe, na anayemtajia mwandishi ni mdeni mwenyewe. Hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Kijana anamwendea ami yake:

"Ami, nimeelemewa."

"Wadaiwa ngapi, mwanangu?"

"Kama elfu sitini hivi."

Ami mwenye busara hatoi shilingi kwa jibu hilo, wala hatoi mawaidha. Anatafuta karatasi. Ndani ya "kama" na "hivi" ndimo deni linamojificha, na nimeona karatasi ya namna hiyo ikifika karibu mara mbili ya lililotamkwa. Nani anadai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani, ameshika nini. Ikishaandikwa ndipo chaguo huonekana: lipi linapanda kila siku na lipi limelala, kipi kiuzwe leo kwa bei ya hiari kabla dalali hajakiuza kwa bei ya mnada, nani aombwe kupunguziwa kila mwezi. Hata kukopa kwingine huenda kukafaa mara moja, kama ni mkopo wa Sacco wa riba ndogo unaomfuta shailoki kabisa na hauachi chenji ya kutumia. Kisichofaa ni kuweka rehani ardhi ya familia kwa faragha. Watu wa shamba la Waitiki waliozingoja hati za ardhi miaka mingi wakazipata Januari 2016 hawakuzingojea zikalale kwenye droo ya mkopeshaji.

Mke naye ajue. Nasema hivi nikijua wanaume wenzangu watanuna.

Wengine hawakuingia kwenye deni kwa anasa. Changamwe na Miritini waliona mwaka 2019 makasha yakilazimishwa kupanda treni kwenda Nairobi, na kazi za yadi, za lori na za vibanda vya chai zikapungua nayo. Mwaka uliofuata ikaja Korona. Aliyekopa karo akitegemea kibarua kilichokuwepo jana hakudanganya mtu. Kumsomea methali ni kumwongezea mzigo wa aibu, na aibu haijawahi kukubaliwa benki.

Wakopeshaji wa simu waliligundua hilo la aibu mapema, wakawa wanawapigia mashemeji, wakwe na mabosi wa mdeni. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zimekataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdeni. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa ujumbe wa namna hiyo. Basi mtu akitishwa, ashitaki. Kudaiwa hakumwondolei haki. Na aliyefika mwisho kabisa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamruhusu kuomba kwa Mpokeaji Rasmi apangiwe kulipa kwa mafungu, na ina utaratibu wake kwa asiye na mali yoyote ambaye madeni yake ni kati ya 100,000 na 400,000. Sheria hiyo haijakwenda kinyume na methali. Imeifasiri vyema kuliko yule aliyekuwa mimbarini.

Kwake yeye nina swali. Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, akasita kumswalia. Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kututisha, kisha husahauliwa kinavyoendelea: Abu Qatada alisimama akajitwika deni lile, na swala ikaswaliwa. Deni lilitajwa mbele ya watu ili lipate mbebaji. Katika mafungu manane ya zaka, moja ni la walioelemewa na madeni. Ramadhani Kisauni naona mchele, tende na unga vikigawanywa, na ni jambo jema. Lini kamati ya msikiti iliwahi kupita nyumba kwa nyumba ikauliza, kwa siri na kwa heshima, nani anadaiwa?

Limebaki moja ambalo Mwalimu na mimi hatukubishana. Mtu akipata elfu mbili leo, humlipa anayepiga kelele zaidi: programu inayotuma ujumbe kila saa, shailoki anayekaa mlangoni. Mama wa mbaazi na mahamri aliyemkopesha kifungua kinywa wiki mbili hatumi ujumbe. Hana CRB, hana wakili, na akipita hutazama pembeni ili asimwaibishe mteja wake. Kwenye ile karatasi ya ami jina lake huandikwa la mwisho, mara nyingine halimo kabisa kwa kuwa "yule hana neno." Riba yake ni sufuri, kwa hiyo hata hesabu niliyoisifu hapo juu ingemweka chini. Mimi ningemweka juu ya wote. Mia saba anazodai ndizo mtaji wa kesho alfajiri, na asipolipwa, kufika mwisho wa mwezi atakuwa naye anatafuta nambari ya shailoki.