Saa ya Marehemu na Haki ya Mjane

Marehemu akiacha ploti Ruiru, hakuna anayeona haya kumwita mthamini. Saa yake ya mkononi huondoka kimyakimya: matanga hayajaisha, kifungua mimba ameshaivaa, na anayeuliza thamani yake huonekana hana adabu. Hoja yangu ni kwamba kuitambua saa hiyo na kuitia bei ni wajibu wa haki, na kwamba kuukwepa kwa jina la heshima mara nyingi humdhulumu mjane.

Tuseme familia moja ya Thika inaamini Seiko 5 ya baba ilinunuliwa mwaka wa Uhuru. Igeuze. Mfuniko wa nyuma una namba ya mashine, mathalani 7009, na namba ya mfululizo. Katika Seiko za enzi hizo tarakimu ya kwanza ya mfululizo huonyesha mwaka, ya pili mwezi. Ikianza na 82, ni Februari 1978 au 1988. Mwaka 1968 mashine ya 7009 haikuwepo bado. Uso nao una ushahidi wake: maandishi yakiwa manene na vile vijiherufi vya ukingoni chini vimetoweka, huenda fundi aliupaka rangi upya, na mkusanyaji atashusha bei. Je, imekoma kuwa saa ya baba? La. Soko hupenda uso usioguswa. Mtoto anampenda aliyeivaa mpaka ikahitaji fundi. Lakini mapenzi hayo hayaihitaji hadithi ya Uhuru, na anayemuuzia mtu saa kwa hadithi hiyo anamdanganya.

Wapo watakaosema kumbukumbu haiuzwi. Kweli, ila kuthamini si kuuza. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, aliyefariki bila wosia akaacha mwenzi mmoja na watoto, vitu vyake vya matumizi binafsi ni vya mwenzi huyo. Basi kijana akipewa saa, amepewa na mama, na mama ana haki ya kujua anatoa nini. Kwa Waislamu, Surat An-Nisaa, aya ya 7, inawapa wanaume na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Saa haikatwi vipande. Anayebaki nayo huwafidia wenzake, na bila bei atawafidiaje?

Mkristo atanikumbusha Luka 12, Yesu alipokataa kuwagawia ndugu urithi na kuonya juu ya tamaa. Onyo hilo ninalichukua kwa uzito wote. Ila tamaa haiko kwa anayeuliza tu. Inaweza kuwa kwa anayenyamaza huku saa iko mkononi mwake.

Na kama bei ni ndogo, kama ilivyo kwa Seiko nyingi zilizopakwa rangi? Basi fidia ni nyepesi, na ugomvi hauna chakula. Lakini hilo hujulikana baada ya kukagua. Mfuniko ufunguliwe mama akiwepo, namba ziandikwe, mafundi wawili waulizwe kila mmoja peke yake, na kabla ya hapo pasiwe na mtu wa kuisugua ing'ae wala kubadilisha kioo.